Ngao ya Papa Leo XIV: inasema nini, na inaahidi nini?

Tarehe 8 Mei 2025 Kanisa Katoliki lilipata papa mpya, Robert Francis Prevost, mzaliwa wa Chicago, Marekani, aliyejichagulia jina la Leo XIV. Habari hiyo wengi wenu mliisikia redioni kabla hata hamjaona sura yake. Siku mbili baadaye Vatican ilitoa picha iliyopita kimyakimya zaidi: ngao ya papa huyo, yaani nembo yake binafsi.

Picha ya aina hii ikifika kwenye simu bila maelezo, kila mtu huisoma anavyojua. Mmoja ataona ua na kufikiri ni pambo. Mwingine ataona moyo uliochomwa mshale na kufikiri ni mambo ya mapenzi. Wa tatu atatafuta siri iliyofichwa, na asipoipata ataibuni.

Katika makala hii tunaieleza ngao hiyo kipande kwa kipande, kisha tunauliza swali ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko picha yenyewe. Ngao ni tangazo. Kiongozi anapotangaza jambo, watu wana haki ya kuuliza atalitimiza vipi.

Ngao hizi zilitoka wapi

Mfugaji hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Ng'ombe wakichanganyika malishoni au mnadani, chapa ndiyo inayosema huyu ni wa nani. Haisomwi kwa herufi. Inasomwa kwa umbo lake na mahali ilipopigwa.

Ngao za Ulaya zilianza kwa haja kama hiyo. Katika karne ya 12 askari waliopigana juu ya farasi walivaa kofia za chuma zilizofunika uso, na katikati ya vita ilikuwa vigumu kumjua rafiki na adui. Wakaanza kupaka ngao zao rangi kali na kuchora alama kubwa: simba, tai, msalaba, ua. Alama ikawa ya mtu, baadaye ikawa ya ukoo, na watoto wakairithi.

Viongozi wa Kanisa hawakuzihitaji kwa vita, walizihitaji kwa mihuri. Wakati ambapo watu wachache tu walijua kusoma, barua yenye alama ya askofu iliaminika kuliko barua yenye jina lake. Kwa zaidi ya miaka 700 sasa, kila papa amekuwa na ngao yake.

Ukitaka mfano wa karibu zaidi, chukua kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na chini ya mji ina jina. Maua unaweza kuyasifia tu, lakini jina ndilo linalosema. Ngao ya papa nayo ina vitu vya pembeni ambavyo ni vya cheo, ina picha ya katikati ambayo ni ya mtu mwenyewe, na chini yake ina maneno machache. Maneno hayo ndiyo kaulimbiu yake.

Kwanza tazama pembeni

Vitu vilivyozunguka ngao havimhusu Robert Prevost. Vinahusu kiti alichokalia, na papa ajaye naye atavikuta.

Nyuma ya ngao kuna funguo mbili zilizopishana, moja ya dhahabu na moja ya fedha, zimefungwa kwa kamba nyekundu. Zinatoka kwenye simulizi ya Injili ya Mathayo, ambapo Yesu anamkabidhi Petro funguo za ufalme wa mbinguni. Dhahabu imezoeleka kusomwa kama mamlaka yanayogusa mbinguni, na fedha kama mamlaka ya hapa duniani.

Juu ya ngao kuna mitra, ile kofia ndefu ya askofu, yenye mistari mitatu ya dhahabu. Zamani hapo palikuwa na taji la ngazi tatu, lililofanana na la mfalme. Mapapa walivikwa taji hilo kweli, na wa mwisho kuvikwa alikuwa Paulo VI mwaka 1963. Mwaka uliofuata aliliweka juu ya altare katika Basilika la Mtakatifu Petro, akalitoa kwa ajili ya maskini. Taji likatoka kichwani, lakini kwenye picha likabaki. Ni mwaka 2005 tu ambapo Benedikto XVI aliliondoa kwenye ngao yake na kuweka mitra. Miaka 41 ilipita tangu jambo litendeke hadi picha ilipolifuata. Bendera ya Vatican hadi leo bado ina lile taji.

Ujuzi huu unaweza kukusaidia hata hapa nyumbani. Maaskofu nao wana ngao, na huenda umeiona ya askofu wenu juu ya barua inayosomwa Jumapili, kwenye kalenda ya jimbo au kwenye kiti chake kanisani. Hesabu vishada vinavyoning'inia kutoka kwenye kofia iliyochorwa juu ya ngao. Kofia ya kijani yenye vishada 6 kila upande ni ya askofu. Vikiwa 10 kila upande, na msalaba ulio nyuma ya ngao una mistari miwili ya kukata, ni askofu mkuu. Kofia ikiwa nyekundu yenye vishada 15 kila upande, hiyo ni ya kardinali.

Sasa tuingie ndani ya ngao

Ngao ya Leo XIV imegawanywa kwa mstari wa mshazari. Sehemu ya juu ina rangi ya buluu, na ndani yake kuna ua jeupe la yungiyungi. Sehemu ya chini ina rangi ya kung'aa inayokaribia nyeupe. Humo kuna kitabu kilichofungwa, na juu ya kitabu kuna moyo uliochomwa mshale.

Ua la yungiyungi katika sanaa ya Kanisa ni alama ya Bikira Maria na usafi wake, na buluu ni rangi ya mbingu. Lakini alama moja inaweza kusomwa kwa njia nyingi. Ua la umbo hilo hilo lilikuwa alama ya wafalme wa Ufaransa, na limo pia kwenye bendera ya jiji la New Orleans, Marekani, ambako wazee wa upande wa mama yake papa walitoka. Mtu angeweza kusema kwamba papa ameweka pale nchi ya babu zake, na maneno hayo yangesikika kama kweli. Maelezo ya kikanisa yanamtaja Maria. Ndiyo maana tunashauri kwamba ukitaka kujua maana ya alama, mwulize kwanza mwenye alama.

Moyo, mshale na kitabu ni nembo ya Shirika la Mtakatifu Augustino. Prevost alijiunga na shirika hilo mwaka 1977 akiwa kijana, na kuanzia 2001 hadi 2013 alikuwa mkuu wake duniani kote. Augustino, katika kitabu chake cha Maungamo, anaeleza jinsi neno la Mungu lilivyomfikia kama mshale uliomchoma moyoni. Kitabu kilichofungwa ni hilo neno. Moyo ni wa msomaji aliyekutana nalo.

Chini ya ngao kuna maneno manne ya Kilatini: In Illo uno unum. Kwa Kiswahili tunaweza kusema: katika yule Mmoja, sisi ni wamoja. Yanatoka kwenye mahubiri ya Augustino juu ya Zaburi, na hoja yake ni kwamba Wakristo ni wengi, lakini ndani ya Kristo mmoja wanakuwa kitu kimoja.

Ngao hii haikuchorwa upya baada ya uchaguzi. Kaulimbiu na picha hizo alikuwa nazo tangu alipokuwa askofu wa Chiclayo, kaskazini mwa Peru. Cheo kimebadilika, ndiyo maana vitu vya pembeni vimebadilika. Ya katikati yamebaki.

Mwafrika aliye nyuma ya maneno

Hapa ndipo ngao ya mtu wa Chicago inapotugusa Waafrika moja kwa moja.

Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Mama yake, Monika, naye anaheshimiwa kama mtakatifu. Baada ya miaka ya kufundisha Carthage, Roma na Milano, alirudi Afrika na kuwa askofu wa Hippo, ambayo leo ni Annaba, bandari ya Algeria. Alifariki huko mwaka 430, mji ukiwa umezingirwa na jeshi la Wavandali. Hapa Tanzania wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya chuo kikuu cha Mwanza kinachoitwa kwa jina hilo.

Si mara ya kwanza Afrika kuonekana kwenye ngao ya papa. Benedikto XVI, aliyekuwa Mjerumani, alikuwa na mambo matatu kwenye ngao yake. Alikuwa na dubu aliyebeba mzigo, kutokana na hadithi ya Mtakatifu Korbiniani ambaye dubu alimuulia mnyama wake wa mizigo, naye akambebesha dubu mzigo huo hadi Roma. Alikuwa na gamba la kombe la baharini, kutokana na hadithi ya zamani ya Augustino kukutana na mtoto aliyetaka kuhamishia bahari yote kwenye shimo dogo la mchangani. Na alikuwa na kichwa cha Mwafrika kilichovikwa taji.

Kichwa hicho kimekuwa alama ya maaskofu wa Freising, Ujerumani, tangu karne ya 14. Benedikto alikichukua kwa sababu aliwahi kuwa askofu mkuu wa Munich na Freising, na alieleza kwamba kwake kilikuwa ishara ya Kanisa la watu wote.

Linganisha ngao hizo mbili. Kwenye ya Benedikto kuna uso wa Mwafrika, lakini hana jina na hasemi lolote. Kwenye ya Leo hakuna uso wowote wa Mwafrika, lakini moyo ni wa Mwafrika tunayemjua kwa jina, na maneno yaliyoandikwa chini yake yametoka kinywani mwake. Kwetu sisi, huko ndiko kuheshimiwa zaidi.

Papa Fransisko naye aliweka shirika lake mbele. Kwenye buluu ya ngao yake, juu kabisa, kulikuwa na jua la Wajesuiti lenye herufi za jina la Yesu. Chini yake kulikuwa na nyota ya Maria na ua la nardo la Mtakatifu Yosefu, ambalo watu wengi walidhani ni kichala cha zabibu. Kaulimbiu yake ilizungumzia huruma, na kwa miaka 12 watu walimpima kwa neno hilo. Wapo waliosema ameliishi, wapo waliosema amelipitiliza. Lakini wote walitumia kipimo alichokitoa yeye mwenyewe.

Kipimo cha Leo ni umoja.

Umoja wa namna gani?

Umoja ni neno ambalo kila kiongozi hulipenda. Limo kwenye nembo ya Tanzania, Uhuru na Umoja. Limo pia kwenye maneno ya taifa ya Rwanda na ya Burundi. Ukilisikia mara nyingi mno, linaanza kusikika kama salamu tu. Kwa hiyo turudi kwa Augustino tuone neno hilo lilimgharimu nini, kwa sababu hakulisema akiwa amekaa kwa raha.

Kanisa la Afrika Kaskazini la wakati wake lilikuwa limepasuka vipande viwili. Mwaka 303, chini ya Kaisari Diokletiano, Wakristo waliamriwa kusalimisha vitabu vitakatifu vichomwe moto. Wengine walivitoa, wengine walikataa na wakateswa. Mateso yalipokwisha, waliosimama imara hawakutaka kuongozwa na maaskofu walioshukiwa kuvitoa, wala na waliowekewa mikono na hao. Kundi lao likaitwa Wadonati, kwa jina la Donato, askofu wao wa Carthage.

Mgawanyiko huo ulidumu zaidi ya miaka 100. Mji mmoja ulikuwa na maaskofu wawili na makanisa mawili, na familia ziligawanyika. Kulikuwa na vurugu na watu kupigwa. Hippo yenyewe ilikuwa hivyo. Hata kile kitabu kilichofungwa kwenye ngao, kwa jinsi tunavyokiona sisi, kinakumbusha jambo hilo: kitabu ndicho kilichowagawa watu wa Augustino.

Mwanzoni Augustino alitaka watu washawishiwe kwa hoja tu. Aliandika, alihubiri, alialika mijadala. Mwaka 411 pande zote mbili zilikutana Carthage, maaskofu zaidi ya 500 kwa jumla, mbele ya mjumbe wa kaisari. Wadonati walitangazwa kuwa wameshindwa. Mwaka uliofuata sheria ya dola iliwatoza faini na kuwanyang'anya makanisa. Na Augustino, ambaye hapo awali hakupenda nguvu itumike, alikubali itumike na akaandika kuitetea.

Hatusemi haya ili kumchafua. Tunayasema kwa sababu mtu aliyetoa maneno ya kaulimbiu alifika njia panda ambayo kila anayehubiri umoja huifikia. Watu wakikataa kuwa kitu kimoja, utawangoja, utawabembeleza, au utawalazimisha?

Papa Leo anaikuta njia panda hiyo mapema. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka masharti makali kwa Misa ya zamani ya Kilatini, na wanaoipenda wakahisi wamesukumwa pembeni. Desemba 2023 Vatican ilitoa waraka ulioruhusu, kwa masharti, baraka kwa watu wawili wa jinsia moja wanaoishi pamoja. Januari 2024 maaskofu wa Afrika, wakiongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, walitangaza kwamba baraka hizo hazitafanyika kwao, na walisema hivyo kwa makubaliano na Papa Fransisko mwenyewe. Wakati huo huo, Ujerumani wapo maaskofu waliotaka mabadiliko yaende mbali zaidi.

Kwa hiyo papa mpya aliposema, kwenye Misa ya kuanza utume wake tarehe 18 Mei 2025, kwamba hamu yake kubwa ya kwanza ni Kanisa lenye umoja, alikuwa anasoma kwa sauti yale yaliyoandikwa chini ya ngao yake. Alikuwa pia anagusa jeraha.

Kilichotokea Januari 2024 kinaonyesha njia mojawapo: kubaki pamoja bila kila mtu kutenda sawa na mwenzake. Wapo wanaoona hiyo ndiyo busara. Wapo wanaouliza, kama jambo ni halali Berlin na haliwezekani Kinshasa, umoja huo uko wapi? Wote wawili wana hoja. Ngao haitoi jibu, kwa sababu ngao inasema jambo moja tu: kwamba kinachowaunganisha watu si tabia zao kufanana, ni yule Mmoja wanayemwelekea. Namna ya kuliishi hilo Jumatatu asubuhi, kwenye barua, kwenye uteuzi wa maaskofu, kwenye kikao chenye watu waliokasirika, hilo haliwezi kuchorwa.

Ya kuangalia kuanzia sasa

Hata kama wewe si Mkatoliki, au huna dini, jambo hili lina somo. Tunaishi tukizungukwa na nembo: ya chama, ya halmashauri, ya ushirika wa mazao, ya kampuni inayonunua pamba au kahawa yako. Nyingi zina picha nzuri za mwenge, jembe, mikono iliyoshikana. Tumezoea kuzitazama kama mapambo ya karatasi. Tukizisoma kama ahadi, mazungumzo yanabadilika. Ukiona mikono iliyoshikana juu ya stakabadhi ya ushirika wenu, una haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu ni nani na nani walioshikana, na kwa nini malipo yako yamechelewa.

Na picha ya ngao ya papa ikikufikia kwenye simu pamoja na maelezo ya kutisha, fanya mambo mawili kabla ya kuituma kwa wengine. Tazama pembeni ujue cheo, tazama katikati umjue mtu, usome maneno ya chini. Kisha uliza kama maelezo hayo yametoka kwa mwenye ngao au kwa mtu asiyejulikana.

Kwa Papa Leo mwenyewe, tutatazama mambo ya kawaida kabisa. Anawaita nani mezani? Anawajibuje wanaompinga? Maaskofu wa Afrika, Ulaya na Amerika wakimletea majibu matatu kwa swali moja, atafanya nini? Augustino alikaa Hippo zaidi ya miaka 30 akiwa askofu na bado hakuuona mpasuko ule ukipona kabisa. Mwanawe wa kiroho amechukua moyo wake uliochomwa mshale na kuuweka mahali ambapo dunia nzima inauona. Maana yake ni kwamba amekubali kuulizwa.